Yaishe, Lakini Yepi?

Ndugu wakigombania kiwanja alichoacha marehemu baba yao, kikao hakiishi kabla mzee mmoja hajasema, "Basi, wanangu, yaishe." Aliyekiuza kwa siri huwa wa kwanza kuitikia. Aliyedhulumiwa hutoa mkono, huaga, kisha huondoka na donge lake kifuani. Kikao kimekwisha, ugomvi bado.

Tumezoea kuliona suala hili kama njia panda: ama unyamaze upate amani, ama useme uvunje undugu. Lakini katika kila dhuluma mna vitu viwili. Kuna jambo lenyewe: kiwanja, fedha, tusi. Kisha kuna kinyongo, uchungu unaobaki baada ya jambo. Jambo liko kati ya watu. Kinyongo kimo ndani ya mtu mmoja. Vitu viwili tofauti haviponi kwa dawa moja.

Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika Dola ya Rumi, alifundisha kwamba matendo ya wengine hayamo katika uwezo wetu. Kilichomo ni namna tunavyoyapokea. Kuhusu kinyongo alisema kweli, maana hakuna hukumu ya mahakama inayoweza kuking'oa kinyongo moyoni. Lakini fundisho hilo likitumiwa kulifunika jambo lenyewe, anayefaidi ni mdhalimu.

Afrika Kusini ililijua hilo. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kusikiliza ushahidi mwaka 1996. Aliyetaka msamaha wa kisheria alipaswa kueleza yote aliyoyatenda, na matendo hayo yawe ya kisiasa. Polisi wa zamani waliohusishwa na kifo cha mwaka 1977 cha Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi huo, waliomba, wakanyimwa mwaka 1999. Familia ya Biko ilikuwa imeupinga utaratibu huo mahakamani, ikashindwa. Hapo pana mambo mawili. Hata taifa lililochagua kusamehe lilidai kwanza yasemwe. Na serikali inaweza kuacha kushtaki, lakini haiwezi kusamehe kwa niaba ya mjane.

Si kila jambo linastahili kikao. Kondakta akikutukana nawe ukashuka, hutamwona tena; jambo limekwisha, kilichobaki ni kinyongo tu, nacho ni chako kukitua. Mume anayempiga mkewe ni habari nyingine. Jambo hilo li hai, na kesho litarudi. Kumwambia mke asahau ni kumtaka alipie kwa mwili wake utulivu wa ukoo mzima. Kama si salama yeye kumkabili mumewe, wajibu huo ni wetu tuliobaki.

Kosa letu kubwa ni kufanya kinyume: tunaliacha jambo na kukitunza kinyongo, halafu tunajisifu kwamba tuna subira. Afadhali kukitua kinyongo na kulishika jambo. Hii si kwa ajili ya upole tu. Kinyongo kimekwisha kutoa hukumu kabla mwenzako hajafungua mdomo, kwa hiyo mwenye nacho husema bila kusikia. Asiye nacho anaweza kudai haki yake yote, akasikiliza jibu, na pengine akatambua kwamba sehemu ya haki hiyo ilikuwa ya mwenzake.