Hodi na Idhini

Kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeruhusu na mtu ambaye hakukataa? Swali hili ni la kale. Siku hizi linaulizwa upya, tena mara nyingi, na chombo kisicho na moyo wala haya, yaani kompyuta. Programu mpya inapowekwa katika mashine, aghalabu hutokeza kidirisha kidogo kinachouliza kama unairuhusu iyafikie mafaili na makabrasha yako. Majibu ni mawili tu: ruhusu au kataa. Wengi wetu hubonyeza la kwanza kabla ya kumaliza kusoma, kwa kuwa kazi inatungoja. Je, hapo tumetoa idhini? Mimi naona tumeondoa kizuizi tu.

Huku kwetu Kinjumbi, kama kwingineko katika pwani ya Kilwa, anayefika kwa mwenzake hasukumi mlango. Husimama nje akabisha hodi. Mafunzo ya Uislamu yanataka abishe hata mara tatu, na asipojibiwa arudi zake bila kinyongo. Adabu hii ina hekima tatu ndani yake. Kwanza, karibu ya barazani si karibu ya chumbani. Magofu ya nyumba za mawe za Songo Mnara yanaonyesha kwamba wazee waliijenga hekima hiyo kwa mawe na chokaa: ua kwanza, kisha chumba nyuma ya chumba, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyofika kwenye siri za wenyewe. Pili, karibu hutolewa kwa haja maalumu. Aliyekuja kuomba kaa la moto hakuruhusiwa kufungua kasha la nguo. Tatu, karibu ina mwisho wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kompyuta ilichelewa kujifunza adabu hiyo. Katika mfumo wa Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na wako watu wengine. Na kila mmoja hupewa au hunyimwa uwezo wa kusoma, kuandika na kuendesha. Huo ni ukuta mzuri baina ya mtu na mtu. Lakini programu niliyoiendesha mimi hutumia mamlaka yangu mimi, na kila ninachoweza kukifungua nayo yaweza kukifungua. Ukuta ulimzuia jirani, haukumzuia mgeni aliyekwisha kuingia. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu ipewe uwezo ule tu inaouhitaji kwa kazi yake. Ilichukua miaka mingi maneno hayo kumfikia mtumiaji wa kawaida. Kompyuta za Apple zilianza mwaka 2019 kumwuliza mwenyewe kabla programu haijagusa nyaraka zake au vitu alivyopakua. Windows nayo ina orodha ya programu na swichi za kuziruhusu au kuzizuia. Hata hivyo Microsoft wenyewe wanatahadharisha kwamba programu za mtindo wa zamani huenda zisiwemo katika orodha hiyo, na zaweza kuyafikia mafaili hata swichi ikizimwa. Anayeiona swichi imezimwa akadhani mlango umefungwa, amelala nyumba wazi.

Lakini hayo ni ya ufundi. Swali lenye uzito ni hili: mafaili hayo ni ya nani? Kompyuta yangu inaitwa yangu kwa sababu niliinunua. Ndani yake zimo barua za vijana wanaoomba kazi, nakala za vyeti vya kuzaliwa, mihutasari ya vikao vya kikundi cha kuweka na kukopa, na mikataba ya kuuziana mashamba ya mikorosho. Imo barua ya mama mmoja aliyekuja jioni, watu wamepungua, akanieleza kwa sauti ya chini mambo ya nyumba yake ili niyaandike yapelekwe kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Mama yule alinipa karibu mimi, tena kwa haja moja: nichape, nimpe karatasi yake. Hakumpa karibu mtengenezaji wa programu aliye ng'ambo. Basi ninapobonyeza ruhusu, naruhusu kwa haki gani? Siwezi kutoa nisichopewa. Aliyewekewa amana hana mamlaka ya kuwakaribisha wengine waitazame.

Nchi yetu inajua vizuri idhini ya namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara na sehemu jirani akikusanya alama za watawala juu ya karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Waliotia alama hawakuweza kuzisoma, na ardhi iliyotajwa humo ilikuwa ya watu wengi ambao hawakuwapo. Mwaka 1888 kampuni yake ilipewa na Sultani wa Zanzibar usimamizi wa pwani, Kilwa ikiwamo, na watu wa Kilwa, ambao hawakuulizwa, wakaasi mwezi Septemba mwaka huohuo. Sisemi kwamba kubonyeza kitufe ni sawa na kupoteza nchi. Nasema kwamba alama ya mtu asiyeelewa, juu ya kitu kisichokuwa chake peke yake, haiwi idhini hata ikihifadhiwa miaka mia.

Msomaji aweza kunijibu kwamba programu isiyoruhusiwa kugusa chochote ni sawa na seremala aliyenyimwa mbao. Ni kweli. Kukataa kila kitu ni uchoyo, wala si busara. Kweli pia kwamba si haki kumtwisha mtumiaji mzigo wote. Swali linaloulizwa mara ishirini kwa siku hugeuka kelele, na ruhusa ambayo ukiikataa unanyimwa huduma nzima ni sharti lililovikwa kanzu ya ombi. Ndiyo maana nafurahi kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisizidi haja. Ila sheria haiwezi kuja kila jioni kukagua makabrasha yangu.

Kwa hiyo pana sehemu yangu. Barua za watu naziweka katika kabrasha lao, mbali na mambo yangu. Programu ikiwa na njia ya kufunguliwa faili moja nililolichagua mwenyewe, naitumia njia hiyo; ndiyo sawa na kumtolea mgeni kata ya maji barazani badala ya kumpeleka mtunginini. Iliyomaliza kazi yake naiondolea ruhusa. Na barua ambayo mwenyewe amekwisha kuichukua naifuta, maana kisichokuwapo hakiibwi.

Nikirudi kwenye swali la mwanzo, naona hodi yetu ilikwisha kulijibu. Mlangoni, kimya cha mwenye nyumba maana yake ni hapana, mgeni hurudi. Kompyuta nyingi zimefundishwa kinyume chake, kwamba asiyekwenda kuizima swichi amekubali. Asiyekataa basi hajaruhusu. Bado anabishiwa hodi tu. Na pale tunapoulizwa kwa niaba ya watu wasiokuwapo, ambao siri zao wametuachia, tunyamaze kwanza. Mgeni mwenye adabu ataelewa.