Je, Aliyeahidi Uvuvi Ameahidi na Samaki?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo la ahadi. Mtu akikupa haki ya kuchota maji kisimani mwake siku zote, kisha akakifukia kisima, je, amevunja ahadi? Yeye atasema, "Sikukuzuia, ndoo unayo, na njia i wazi." Swali hili laonekana kuwa la mchezo, walakini huko Marekani limewafikisha watu mbele ya Korti Kuu, nalo halikuhusu kisima, bali samaki aitwaye samoni.

Samoni wa bahari ya Pasifiki huzaliwa katika kijito chenye maji baridi, hushuka mpaka baharini, hukaa huko akikua, kisha hurudi. Wala harudi po pote. Wengi wao hurudi katika kijito kile kile walichozaliwa, hutaga mayai, na kufa. Kwa hiyo samoni wa mto huu si wa ukoo mmoja na samoni wa mto wa pili, ijapokuwa kwa macho wafanana. Na njia ya kupanda ikiisha kufungwa, ukoo ule hukoma.

Katika miaka ya 1854 na 1855 Gavana Isaac Stevens alifanya mapatano na mataifa ya wenyeji wa nchi ambayo leo ni jimbo la Washington. Wenyeji walitoa karibu nchi yao yote, wakajibakizia haki ya kuvua samaki mahali pao pa desturi. Nasi tuangalie jinsi walivyosemezana. Maneno yalifasiriwa kwa lugha ndogo ya biashara, yenye maneno kama mia tatu tu. Sisi ambao mara nyingi twasimama kati ya wasemaji wa lugha mbili twajua jinsi neno liwezavyo kutoka kinywani lina maana moja, likaingia sikioni lina nyingine. Wenyeji wale hawakusikia habari ya ruhusa ya kutia nyavu majini tu. Walisikia ya kuwa chakula chao na cha wana wao hakitaondolewa. Na gavana mwenyewe aliwahakikishia hivyo.

Baadaye serikali ya jimbo ikawa inawakamata wenyeji waliovua. Billy Frank wa taifa la Nisqually alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945, akiwa kijana wa miaka 14, na katika maisha yake akakamatwa zaidi ya mara 50. Hata mwaka 1974 hakimu George Boldt akahukumu ya kuwa mataifa yale yana haki ya kupata nusu ya samaki wawezao kuvuliwa. Lakini nusu ya kitu kinachopungua hupungua nacho. Mwaka 1999 samoni wa ghuba ya Puget, wa aina iliyo kubwa kuliko zote, waliandikwa chini ya sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio katika hatari ya kukoma.

Sheria hiyo ni njema, nasi hatuidharau. Walakini shabaha yake ni kwamba ukoo usikome. Haikuwekwa ili mvuvi apate riziki. Mto waweza kuwa na samaki wa kutosha hata sheria ile isiseme neno, wala usiwe na wa kutosha kwa wale walioahidiwa.

Ndipo mwaka 2001 mataifa 21 yakaishtaki serikali ya jimbo, na serikali kuu ya Marekani ikasimama upande wao. Wala hawakuleta kortini habari ya ukuta mkubwa wa kuzuia mto, ila makaravati, yaani yale mabomba yapitishayo kijito chini ya barabara! Bomba likikaa juu kuliko maji ya chini yake, samaki hawezi kulirukia; likiwa jembamba, maji hupita kwa nguvu mno, naye hurudishwa nyuma. Hivyo maili nyingi za kijito chema hukaa tupu kwa ajili ya bomba moja.

Jimbo lilijitetea, na utetezi wake si wa kuchekwa. Lilisema ya kuwa waliojenga barabara hawakukusudia kuwadhuru samaki. Ya kuwa serikali kuu yenyewe ndiyo iliyoonyesha namna ya kuyajenga. Na ya kuwa mapatano hayana neno lo lote juu ya kutunza vijito. Mwaka 2013 hakimu akaamuru njia zifunguliwe, kazi iliyo kubwa itimizwe kufikia mwaka 2030. Mwaka 2018 mahakimu wa Korti Kuu wakagawanyika, wanne huku na wanne huku; na kwa desturi yao, kura zikilingana, hukumu ya korti ya chini husimama. Hawakuandika sababu.

Sisi twaona hukumu ile ni ya haki. Twajua mlipa kodi wa leo hakuandika ahadi wala hakulaza bomba, naye analipishwa mabilioni ya dola. Lakini nchi anayoikalia ilimfikia kwa hati ile ile. Hawezi kusema kwamba sehemu ya nchi ni yake, na sehemu ya samaki ilikuwa ya babu zake tu.

Liko neno moja litusumbualo bado. Karavati lina mwenyewe, na mwenyewe ana anwani. Hati ya mashtaka itamfikia. Lakini maji ya mito yazidi kupata joto, na samoni huhitaji maji baridi. Joto hilo limetokana na moshi wa nchi nyingi, na nyingi katika hizo hazikutia mkono katika hati ya Stevens. Basi, mvuvi wa Nisqually amwite nani mbele ya hakimu?