KULA MGAHAWANI: HAKI TATU ZA MEZA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), mwenye kuruzuku kila kiumbe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ijumaa moja, baada ya swala, kijana mfanyabiashara alinifuata nje ya msikiti akaniuliza: "Maalimu, nasikia watu wanasema kula restora ni israfu. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nafungua duka, narudi usiku. Pesa ni yangu, nimeitafuta kwa halali. Chakula ni cha halali. Kosa liko wapi?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba hakuna kosa, akaenda zake ameridhika. Lakini jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe. Leo nataka tulitazame swali hili pamoja.

Tuanze na ukweli: kula mgahawani si dhambi. Katika Surat An-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ametuondolea uzito, tukila pamoja au tukila mmoja mmoja. Msafiri anayefika Butembo kutoka Kasindi juu ya pikipiki, mvua ya baridi imemnyeshea njia nzima, akakuta mama amemwekea bugali, sombe na samaki wa Kyavinyonge, huyo amefanyiwa wema, hata kama analipa. Na yule mama analipa karo ya watoto wake kwa sahani zile. Mwenye kuwaambia watu wote wasile nje amemfungia mama huyu mlango wa riziki.

Migahawa yetu ya Butembo na Beni ni ya namna nyingi. Kuna kibanda cha mbao chenye benchi mbili. Kuna mahali pa mishikaki ya mbuzi jioni. Kuna wanaouza hamburger na viazi vya kukaanga, viazi vya milima ya Lubero, na vijana wanavipenda kwa sababu wameviona kwenye simu. Kuna hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani na bei ya dola. Ndugu zetu wanaokwenda Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa wamekalia meza kubwa kuliko hizo. Sheria ya kibanda na ya hoteli ni moja: chakula kiwe halali, pesa iwe halali, na mtu asipite kiasi, kama tulivyofundishwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 31.

Juu ya nyama, uliza nani amechinja. Kuuliza si aibu. Jibu lisipoeleweka, samaki yupo, mayai yapo, maharage yapo. Juu ya pombe, imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) ametukataza kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Mwenzako wa biashara asiye Mwislamu akikualika, mwambie mapema na kwa adabu. Watu wetu ni waungwana, mtachagua mahali pengine.

Hayo mengi wetu tunayajua. Lakini yule kijana alikuwa ameyatimiza yote, ndiyo maana aliuliza kosa liko wapi. Basi swali lenyewe ni hili: jambo likishakuwa halali, je, hakuna tena wa kuulizia? Mimi naona meza, hata ya kulipia, ina haki tatu juu ya anayeikalia.

HAKI YA KWANZA: YA ALIYEBAKI NYUMBANI

Nitaanza na nafsi yangu, nisije nikawa mtu anayefagia uwanja wa jirani. Miaka kadhaa iliyopita tajiri mmoja alitualika wazee baada ya nikaha, katika hoteli nzuri. Tulikula kuku, wali na matunda. Nilirudi usiku. Nyumbani walikuwa wamekula bugali na lengalenga bila mafuta, kwa sababu mafuta yaliisha na mimi asubuhi sikuacha kitu. Binti yangu mdogo alinishika mkono kunisalimu, akaunusa, akasema: "Baba, mkono wako unanuka kuku." Hakunilaumu. Aliifurahia ile harufu tu. Nilikwenda kutia udhu, na maji hayakuiondoa aibu ile.

Ndipo nikakumbuka hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa na jirani Mwajemi aliyejua kupika mchuzi vizuri. Siku moja alipika, akaja kumwalika. Mtume akaashiria kwa Bibi Aisha (R.A.), akauliza kama na yeye amealikwa. Jirani akasema hapana. Mtume akakataa kwenda. Jirani akarudia mwaliko, Mtume akarudia swali lake, jibu likawa lile lile, akakataa tena. Mara ya tatu jirani akakubali, wakaondoka wote wawili.

Zingatieni, ndugu zangu. Mchuzi ulikuwa halali. Mwaliko ulikuwa halali. Hata hivyo Mtume aliacha halali ile mara mbili, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye angebaki.

Mtu atasema: lakini Mtume alialikwa mara nyingi bila wake zake, akaenda. Ni kweli. Kwa hiyo hatuwezi kusema kila mume asile chochote nje mpaka ambebe mke na watoto. Wanavyuoni wameeleza kwamba siku ile Bibi Aisha naye alikuwa na njaa, na Mtume hakupenda ashibe peke yake. Basi kipimo ni kumjua aliyebaki: yeye amekula nini leo? Kama ameshiba, kula kwa raha. Kama hujui amekula nini, hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu ulipaswa kujua.

Na neno "pesa ni yangu" lina mpaka wake. Hind binti Utba alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwamba ni bahili, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake, kwa wema. Bila shaka Abu Sufyan naye angeweza kusema mali ni yake. Chakula cha nyumbani ni deni shingoni mwa mume, na deni hulipwa kabla ya starehe. Mwanaume anayekula mishikaki kila jioni na marafiki, kisha akafika nyumbani anasema hana njaa huku sufuria ni tupu, huyo hakutumia pesa yake. Ametumia ya watoto.

HAKI YA PILI: YA ANAYEHUDUMU NA ANAYESIMAMA MLANGONI

Imepokewa na Bukhari kwamba mtumishi akimletea mmoja wetu chakula, na hakumkalisha pamoja naye, basi ampe japo tonge moja au mawili, kwa sababu ni yeye aliyeshughulika na kile chakula na joto lake. Tazama sasa yule msichana anayeleta sahani. Ameamka kabla yako, macho yake mekundu kwa moshi wa makala, na mara nyingi atakula wa mwisho, kile kitakachobaki chini ya sufuria. Sisi tunampigia kelele mbele ya watu kwa sababu ya chumvi. Mtume wetu hakuwahi kutia kasoro chakula: akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Sijui tumeipata wapi ruhusa ya kumtukana mtoto wa mtu kwa sababu tumelipa faranga chache.

Na mlangoni amesimama mtoto. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, watu wetu wamekimbia mashamba mara nyingi tusizoweza kuhesabu. Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa, wengine wakapanda barabara kuja Lubero na Butembo. Mtoto huyo huenda ni mmoja wao. Anangoja uinuke ili achukue mabaki.

Wengine wetu tunamwachia mfupa tuliokwisha kuunyonya, tunaondoka tunajiona tumetoa sadaka. Katika Surat Al-Insan, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amewasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa chakula ambacho wao wenyewe wanakipenda. Mfupa ule hukuupenda tena, ndiyo maana uliuacha. Umemwachia taka, na yeye amezipokea kwa sababu hana namna.

Najua mtatoka hapa mkisema: Maalimu, watoto ni wengi, nikimpa mmoja watakuja kumi. Kweli. Hatukuambiwa tulishe mji mzima. Tumefundishwa kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu. Hesabu hiyo ni ndogo, kila mtu anaiweza. Mwambie mama aweke sahani moja ndogo pembeni, ya bugali na maharage, na mtoto akae kwenye benchi ale kama mtu. Kama leo huna, mjibu kwa maneno mazuri, usimfukuze kama unafukuza kuku.

HAKI YA TATU: YA JIRANI WA MEZA

Haki hii tulikuwa hatuifikirii sana, mpaka tulipofundishwa kwa uchungu.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao hapa kwetu. Siku zile kila mgahawa wa Butembo na Beni ulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini mlangoni. Kunawa kabla ya kula ni jambo tulilofundishwa tangu chuoni, lakini wengi wetu tulifikiri ni kwa faida yetu wenyewe. Ebola ilituonyesha kwamba unanawa pia kwa ajili ya mtu usiyemjua, atakayeshika kikombe baada yako.

Kisha ikaja siku ya Krismasi, Jumamosi tarehe 25 Desemba 2021. Katika mgahawa wa In Box mjini Beni, familia zilikuwa zimekaa zinasherehekea. Mtu alikuja na bomu mwilini. Walinzi walimzuia asiingie ndani, akajilipua pale mlangoni. Watu waliuawa, wengine wakajeruhiwa. Serikali ililitaja kundi la ADF, kundi linalojipa jina la dini yetu.

Ndugu zangu, tusipite haraka juu ya jambo hili. Katika Surat Hud tunasoma habari za Nabii Ibrahim (A.S.). Walimjia wageni asiowajua, akawaletea ndama wa kuchoma. Alipoona mikono yao haikifikii chakula, aliingiwa na hofu. Kwa nini? Kwa sababu tangu zamani watu wanajua kwamba anayekula nawe amekupa amani, na anayekataa huenda ana jambo moyoni. Meza ni mkataba usioandikwa. Watu wanaokaa mgahawani hawajuani, kila mmoja ameinamisha kichwa kwenye sahani yake, mgongo wake uko wazi, na wote wanaaminiana. Mwenye kuleta mauti mahali pale amevunja damu iliyoharamishwa, na amevunja amana. Hakuna jihadi katika kuua mama na mtoto walioshika kijiko. Atakayewaambia vijana wetu vinginevyo, msimfiche.

Baada ya siku ile, nilishuka njiani kati ya Butembo na Beni, nina kanzu, kofia na mfuko wa vitabu. Niliingia mahali pa kula. Watu wakanyamaza. Baba mmoja akahamisha sahani yake kwenda meza ya mbali. Iliniuma, sitawaficha. Nilitaka kutoka. Kisha nikafikiri: huyu amezika watu, pengine. Hofu yake ina sababu, hata kama mimi si sababu. Nikaweka mfuko juu ya meza, nikaufungua, nikatoa vitabu kama vile natafuta kitu. Nikaagiza bugali na samaki, nikala polepole. Yule baba hakurudi kukaa nami. Lakini alipotoka aliniambia: "Kula vizuri, mzee." Mimi nikamwombea kheri.

Basi Mwislamu wa Beni na Butembo anapokaa mgahawani leo, kula kwake ni ushahidi. Salimia walio pale. Ongea kwa sauti ya kawaida. Usikasirike ukitazamwa, na mlinzi akitaka kuona mfuko wako, mfungulie kabla hajaomba mara ya pili.

NASAHA

Kwa yule kijana na kwetu sote:
1. Kabla hujaagiza, jiulize walioko nyumbani wamekula nini. Kama hujui, piga simu.
2. Mara moja moja, hata mara mbili kwa mwaka, wachukue mke na watoto mkale pamoja. Si lazima hoteli. Kibanda kisafi kinatosha. Ukishindwa, wabebee.
3. Anayekuhudumia mwite kwa adabu, mshukuru, na ukiweza mwongezee kitu.
4. Agiza kiasi utakachomaliza. Cha kumpa maskini kiagize mapema, usingoje kibaki.
5. Nawa mikono, taja jina la Mwenyezi Mungu, na umpe amani uliyekaa naye, awe wa dini yako au si wa dini yako.

Yule kijana aliuliza kosa liko wapi. Jibu langu la leo ni kwamba kosa haliko kwenye sahani. Liko kwa mtu tuliyemsahau tulipokuwa tunaila.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali, washibishe wenye njaa katika mji huu, warudishe waliokimbia kwenye mashamba yao, warehemu waliouawa, na uzijaalie meza zetu kuwa mahali pa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati khatibu anahutubia. Ina majina matukufu, usiitupe mahali pachafu. Ukimaliza, mpe mwenzako.)