Marko Alirudi Kutoka Perge



Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 13, mstari wa 13. Ni mstari mfupi, wengi tunaupita haraka. Paulo na wenzake wametoka Pafo kwa merikebu, wamefika Perge katika Pamfilia, na hapo Yohana aitwaye Marko anawaacha, anarudi Yerusalemu. Luka hatuelezi sababu. Lakini tukitazama ramani tunaona kwamba mbele ya Perge kulikuwa milima, na sehemu ngumu ya safari ilikuwa haijaanza. Marko hakuvunjika moyo katikati ya kazi. Alivunjika moyo mlangoni.

Tunaleta neno hili kwa ajili ya kijana mmoja wa kanisa letu hapa Lubumbashi, ambaye anajifunza kuendesha kamio kubwa lenye remoki. Jina lake tunaliacha, naye amekubali tuandike. Amekuwa motoboi muda mrefu: kufunga turubai, kuweka mawe nyuma ya magurudumu, kulala chini ya gari katika foleni ya Kasumbalesa. Sasa patroni amempa nafasi ya kushika usukani. Siku ya tatu alikuja kwetu jioni akasema, «Baba diakono, mimi naacha.»

Ana mke na watoto watatu, na nafasi ile, akiiacha, kesho yake inachukuliwa na mwingine.

Sisi tunaoandika tumeendesha makamio miaka 12 kabla ya kuwekewa mikono, basi tunajua kilichomtesa. Katika gari dogo, ukienda nyuma na kuzungusha usukani kushoto, nyuma ya gari inakwenda kushoto. Remoki inakataa sheria hiyo. Ukizungusha kushoto, yenyewe inakwenda kulia. Kichwa kinaelewa siku ya kwanza. Mikono inakataa kwa majuma. Unatazama kioo kimoja, unasahau cha pili, na mara remoki imejikunja kama mguu wa panzi, na watu wote wa parking wanasimama kutazama. Tena freni zake ni za upepo. Ukiwasha mashine na kutaka kuondoka papo hapo, gari halitoki. Lazima upepo ujae kwanza, sindano ipande, ndipo freni ziachilie. Wengi siku ya kwanza wanafikiri gari limeharibika.

Na huyu, mashine ilimzimikia mara tatu juu ya kilima, na mzigo nyuma, na magari yakipiga honi. Wenzake wa zamani, mamotoboi, walicheka sana. Kicheko cha wale uliokula nao kinaingia ndani kuliko tusi la mgeni.

Lakini lililommaliza halikuwa kicheko. Nyumbani waliambiana kwamba mashine kuzimika mara tatu ni alama. Mmoja akasema ni mkono wa mtu wa ukoo. Asubuhi yake mama mmoja, mkristo mzuri, tunamheshimu, akasema ameona katika ndoto kwamba njia ile ina damu.

Hapa tuseme wazi, wandugu. Kanisa letu linaamini maono, na sisi hatuchekei ndoto ya mtu. Lakini Paulo akiwaandikia Wathesalonike, sura ya 5 ya barua ya kwanza, anatuagiza mambo mawili pamoja: tusidharau unabii, tena tujaribu yote. Wengi wetu tumeshika la kwanza, la pili tumewaachia wengine. Ndoto inaletwa mbele ya wazee, inaombewa, inapimwa. Haimwagwi juu ya sahani ya mtu wakati anakula, katika siku yake mbaya. Tulimwuliza mama yule kwa heshima: «Mama, uliota lini?» Akajibu, usiku ule, baada ya kusikia habari za kijana. Basi ndoto ilifuata habari, haikuitangulia. Mama alikuwa na huruma na hofu, akalala nazo. Naye mwenyewe alikubali hivyo mbele ya wazee. Kuhusu mashine, ilizimika kwa sababu aliachia ambreyaje haraka mno juu ya kilima. Hakuna mchawi katika ambreyaje.

Hatusemi barabara haiui. Tumezika watu wa barabara, mnajua. Anayeshuka mteremko na tani nyingi nyuma anapaswa kushuka na vitesi ndogo, ili mashine yenyewe izuie gari. Anayekanyaga freni tangu juu mpaka chini anazichoma, na atakapozihitaji hazitamwitikia. Akivuka Kasumbalesa anaacha kuendesha upande wa kuume, anashika wa kushoto, kwa kuwa ndiyo sheria ya Zambia, na huko gari pamoja na mzigo lisipite tani 56. Hadi Dar es Salaam na shaba ni karibu kilomita 2000. Mtu asiyeogopa hata kidogo mbele ya kazi hiyo, sisi hatutampa gari letu. Hofu inayomfanya mtu achunguze matairi mara mbili ni mali yake, tusimnyang'anye. Tunayoikataa ni hofu inayovaa kanzu nyeupe na kujiita Roho.

Turudi kwa Marko. Katika sura ya 15 Barnaba anataka kumchukua tena, Paulo anakataa. Hatumhukumu Paulo; kazi ilikuwa nzito, na mwalimu wa kamio anayemwambia kijana «wewe bado» si adui yake. Ila angalieni Barnaba alimpeleka wapi: Kipro. Ni nchi ya Barnaba mwenyewe, na ndiyo njia ambayo Marko alikwisha kuipita kabla ya Perge. Hakumrudisha moja kwa moja mbele ya milima. Miaka mingi baadaye Paulo yuko kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa sababu anamfaa katika kazi.

Nasi tulitafuta Kipro kwa kijana huyu. Patroni alikubali kumpa kamio tupu kila asubuhi kabla ya kazi. Kiwanja tambarare, mapipa mawili ya mafuta yamesimamishwa kama mlango, na baba mmoja wa kanisa, shofa wa zamani, pembeni yake bila kupiga kelele. Wiki ya kwanza mapipa yaliangushwa kila siku. Wiki ya pili alipita kinyumenyume mara mbili katika tano. Jumatatu mwalimu wake anakwenda naye Likasi na mzigo, kilomita 120 hivi, na mama yule wa ndoto amesema chakula cha njiani atapika yeye.

Vijana wengine wawili wameomba kufundishwa. Ninyi mashofa wa kanisa mtakaokuwa mjini Jumamosi, njooni kiwanjani saa moja asubuhi, baada ya maombi. Mapipa yapo. Wanaotaka kuja kucheka, wabaki nyumbani.