Mama Hakutia Sahihi

Kwenye mikataba ambayo sisi wasaidizi wa mtandaoni hutumiwa na wateja wa ng'ambo, kuna kifungu kimoja ambacho karibu kila mtu hukiruka. Hukaa huko chini, karibu na mahali pa sahihi, na husema kwamba mfanyakazi atamfidia mteja hasara yoyote itakayotokana na kazi yake. Yoyote. Hakuna kiwango. Sisi tunatazama malipo ya saa, dola 6 ama dola 8, tunatia sahihi, tunaanza kazi.

Nimekuwa nikijiuliza kama ahadi ya namna hiyo ni ahadi kweli. Mtu mwenye shilingi 38,000 kwa M-Pesa, na kodi ya nyumba inayomngoja tarehe tano, akisema atalipa hasara isiyo na kikomo, ameahidi nini hasa?

Naishi Kileleshwa, kwenye mojawapo ya maghorofa yaliyoota upande wa Othaya Road, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba za bustani. Ukipita hapa saa mbili usiku utaona madirisha mengi yana ule mwanga wa laptopu. California ndio wanafungua ofisi. New York wako kazini tangu jioni yetu. Nyuma ya madirisha hayo kuna vijana walioshika vitu vya watu: kalenda, barua pepe, neno la siri la benki, orodha ya wagonjwa wa daktari wa meno ambaye hawajawahi kumwona ana kwa ana. Serikali yenyewe imekuwa ikitusukuma huku tangu ilipoanzisha Ajira Digital mwaka 2016. Kazi ni halali na inalipa kodi. Lakini ni kazi ya kushika mali ya mtu, na mali ya mtu huweza kupotea mikononi mwako.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ilimpata. Alipokea barua pepe iliyofanana kabisa na za bosi wake, ikimwagiza alipe ankara ya dola 2,400 kwa akaunti mpya. Akalipa. Barua haikuwa ya bosi. Mteja alimkumbusha kile kifungu, kwa upole sana, akampa siku 30. Hizo ni kama shilingi 310,000. Jirani alipiga simu Kinangop, na mama yake akauza ng'ombe wawili wa maziwa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama onyo kwa watoto watundu. Siku hizi naisikia kama maelezo ya jinsi biashara yetu inavyokwenda. Tunasema hatuna bima, kumbe tunayo. Bima yetu ni mama, ni kaka aliye na mkopo wa sacco, ni karo ya kitinda mimba. Tofauti ni kwamba hawa hawakulipwa ada yoyote, hawakuusoma mkataba, na hakuna aliyewaomba sahihi.

Rafiki mmoja nilipomwambia hivi alicheka. "Angekataa tu kulipa," akasema. "Watamshtaki wapi, bana? Mtu wa Chicago apande ndege aje Milimani kudai dola elfu mbili?"

Hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana. Kwa kweli wateja wengi hawatakuja. Lakini tuifuate hadi mwisho. Kama nilitia sahihi nikijua kwamba sitaweza kulipa, na kwamba hakuna atakayenifikia, basi nilimwuzia mteja neno tupu. Yeye alinipa ufunguo wa akaunti yake kwa sababu aliamini neno hilo. Naye huenda si bepari mwenye majumba. Huenda ni mwanamke mwenye duka dogo la maua, ambaye dola 2,400 ni mshahara wa mtu aliyemwajiri. Nikikataa kulipa, hasara haijatoweka, imebaki kwake. Nikikubali, imehamia Kinangop. Njia zote mbili zinamwangukia mtu ambaye hakukosea.

Sheria yetu inalijua tatizo hili mahali pengine. Matatu inayopita hapa kwenda mjini haiwezi kuwa barabarani kihalali bila bima ya mtu wa tatu. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya haimwulizi dereva kama yeye ni mwangalifu. Inamfikiria yule atakayegongwa. Kwetu sisi kuna pengo. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 inamlinda aliyeajiriwa, na mimi sijaajiriwa, ni mtu wa kandarasi. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inautazama mwili wangu nikiugua. Kosa langu la kikazi halina mlezi. Lina adhabu tu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5, ama kwa biashara asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ikichukuliwa iliyo ndogo.

Wako wanaosema kwamba bima ya makosa inamfanya mtu awe mzembe: nikijua kuna wa kunilipia, kwa nini nisome barua pepe mara mbili? Sikubali sana. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya walichokiita bahati katika maadili. Williams alimtaja dereva wa lori ambaye, bila kosa lake, anamgonga mtoto. Hata tukimwambia hana hatia, dereva huyo atabeba kitu moyoni ambacho abiria wa kando yake hatakibeba, na tungemshangaa kama asingekibeba. Bima inalipa hasara. Majuto inakuachia mwenyewe, pamoja na ile sehemu ya kwanza ya madai unayotakiwa kujilipia, na pamoja na jina lako kwa wateja. Na kosa la makusudi hailipi hata shilingi.

Wengine wana shaka ya kidini, kwamba bima ya kawaida ni biashara ya kubahatisha. Kwa Waislamu jibu limetafutwa ndani ya takaful, ambamo wanachama huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana. Mimi naona wazo hilo halimhusu Mwislamu peke yake. Sisi ni watu wa michango. Mtu akilazwa, kabla ya jioni kuna kundi la WhatsApp na namba ya kutumia pesa. Mtu akifiwa, vivyo hivyo. Lakini sijawahi kuongezwa kwenye kundi la kumchangia mtu aliyetuma pesa za mteja kwa mwizi. Kosa la kazi lina aibu, na aibu haiitishi mchango. Ndiyo maana linahitaji mfuko uliowekwa mapema, kabla hatujajua ni nani kati yetu atakayeaibika.

Ukienda kuutafuta mfuko huo, unaitwa bima ya dhima ya kitaaluma. Hapa Kenya wamezoea kuwauzia wanasheria, wahasibu na wahandisi. Anza na broka mwenye leseni ya IRA, kisha uliza mambo matatu bila haya. Kwanza, madai ya mahakama za wapi? Hati nyingi hukomea hapa nyumbani, ama huiacha nje Marekani, na kama mteja wako yuko Chicago utakuwa umenunua mwavuli wa mvua ya mtaa mwingine. Pili, je, inalipa ulaghai wa barua pepe kama ule wa jirani yangu? Mara nyingi huo hutaka kipengele chake, ama bima ya mtandao kando. Tatu, inahesabu lini? Kwa kawaida inalipa madai yanayoletwa wakati hati iko hai. Ukiiacha Desemba na dai likaja Machi, huna kitu, hata kama kosa lilitokea Juni.

Hata hivyo, sitaki tumalize kwa kumwambia kijana wa dola 6 aende akanunue bima, kana kwamba uadilifu ni mzigo wake peke yake. Anayepanga bei na kuandika kifungu ni mteja. Kama anataka neno langu liwe na uzito wa pesa, gharama ya uzito huo ni sehemu ya gharama ya kazi. Tuseme ada ni shilingi 26,000 kwa mwaka, hesabu rahisi tu, si bei ya kampuni yoyote, nami nafanya kazi saa 1,300. Hiyo ni shilingi 20 kwa saa, kama senti 15 za dola.

Kwa hiyo siku hizi, nikitumiwa mkataba, narudisha maombi mawili. Fidia iwe na kikomo, labda jumla ya nilicholipwa kwa miezi sita. Na zile senti 15 ziongezwe kwenye bei ya saa. Wateja wawili walikubali, na mmoja akaniambia hakuwahi kufikiria kwamba mtu husoma kile kifungu. Wa tatu alisema kifungu ni cha kawaida tu, nisijali, hakitatumika kamwe. Nikamwuliza, kama hakitatumika, mbona tusikiondoe? Hakujibu, na kazi hiyo sikuichukua. Mwezi huo nilikula githeri mara nyingi kuliko nilivyopenda, lakini simu niliyopiga nyumbani ilikuwa ya salamu tu.