Kumcheka Mtoto na Kucheka Naye

Katika nyumba ya Wakristu yenye watoto wadogo, ni vigumu Rozari ya jioni kwisha bila kicheko. Watoto wamepiga magoti. Mmoja anasinzia, mwingine anahesabu vidole vya miguu ya nduguye, na yule wa miaka minne, ambaye haruhusiwi bado kushika taa lakini leo ameruhusiwa kuongoza fungu la nne, anamsihi Mama Bikira Maria kwa sauti kuu atuombee sisi "wakorofi". Neno "wakosefu" hajalisikia popote ila katika sala. "Mkorofi" ndilo jina aitwalo tangu asubuhi hata usiku. Dada yake anaangua kicheko. Mama anauma pindo la kanga. Baba anakohoa kikohozi ambacho si cha kifua.

Sala ikiisha, nyumba yagawanyika. Bibi asema ya kuwa kumcheka mtu aliye katika sala ni kumcheka Mungu, na kwamba zamani zake mtoto wa namna hiyo angalipata kofi kabla ya Amina. Baba asema mtoto ni mtoto. Wasomaji wetu wengi wamepata kukaa katika baraza kama hilo, na sisi twaona shauri lao lastahili kufikiriwa, kwa kuwa ndani ya kicheko kidogo cha nyumbani limo swali lisilo dogo: mtoto atajifunza nini juu ya Mungu, na juu ya ukweli, kwa namna tunavyocheka?

Tuanze na kicheko chenyewe. Wako Wakristu wema wadhanio kwamba utakatifu ni uso uliokunjwa. Hawakulipata wazo hilo katika Maandiko. Abrahamu, aliyekaribia miaka mia moja, alianguka kifudifudi mbele ya Mungu, akacheka moyoni aliposikia kwamba Sara, mwenye miaka tisini, atazaa mtoto. Sara naye alicheka, nyuma ya mlango wa hema. Mtoto alipozaliwa akaitwa Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania latokana na kucheka, na aliyelichagua ni Mungu mwenyewe. Tena Mungu alipojitambulisha kwa Musa kuwa ni Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, hakuona haya kubeba jina lenye kicheko ndani yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274 na ambaye hakuna awezaye kumwita mtu wa mzaha, aliandika katika Summa Theologiae ya kuwa furaha na mchezo wa kiasi ni fadhila, na kwamba mtu asiyecheza kamwe, na kuwakera wanaocheza, ana kosa. Akaleta na kisa cha kale juu ya Mtakatifu Yohane. Watu walichukizwa kumkuta akicheza na wanafunzi wake; naye akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, na mwingine tena, halafu akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema ndivyo ilivyo na roho ya mtu. Babu zetu wawindaji wasingehitaji kisa hicho.

Basi kicheko hakina hatia kwa kuzaliwa. Lakini Kiswahili chetu kimetupa maneno matatu yenye sauti karibu moja na maana zilizo mbalimbali. Kucheka na mtoto ni jambo moja, kumcheka mtoto ni la pili, na kumchekea ni la tatu. Anayecheka naye ameketi pamoja naye katika furaha moja. Anayemcheka amemsimamisha katikati na kumzunguka. Anayemchekea aona kosa, na kwa uvivu au kwa mapenzi yasiyo na akili alipaka asali. Bibi wa jioni ile aliogopa hili la tatu, nasi hatumlaumu. Wahenga wametuonya kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. (Wao wamesema "ukicheka na", hali walimaanisha kuchekea, lakini wahenga hawakuwa walimu wa sarufi.)

Mtoto hajui sarufi vilevile, ila tofauti hiyo aijua mara moja. Ukicheka naye, atazama huku na huku akitafuta la kusema tena. Ukimcheka, anyamaza, ajificha katika kanga ya mamaye, na kesho yake jioni akiambiwa aongoze fungu la nne asema tumbo lamwuma. Tumbo hilo halina dawa hospitalini. Mtakatifu Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Nasi tukisoma maneno hayo twafikiri upesi habari ya fimbo, tukasahau kwamba kicheko chaweza kuchapa pasipo kuacha alama.

Yafaa kuuliza pia kwa nini mtoto anachekesha. Hachekeshi kwa ujinga tu. Mara nyingi achekesha kwa sababu ameyapokea maneno yetu kwa uzito wake wote, na sisi tumeyazoea hata hatuyasikii tena. Mtoto aliyefundishwa kwamba Mungu yuko mahali pote akaingia chooni, akafunga mlango upesi, akamwomba Mungu angoje nje kidogo, huyo ameamini kweli. Ni wangapi kati yetu wakubwa tufanyao jambo la siri tukikumbuka kwamba Mungu yumo chumbani? Mtoto aulizaye kwa nini twaomba mkate kila siku na hali kwetu twala ugali, ameuliza swali ambalo wamisionari wa kwanza walilikuta mara walipoanza kufasiri sala katika lugha za nchi hizi. Astahili jibu. Aambiwe kwamba mkate ule ni chakula chote kimpasacho mtu, ugali na maharage vimo, na kwamba siku moja atakapopokea Komunyo ya kwanza ataelewa mkate mwingine. Baba ajibuye "nyamaza, usali" amekosa nafasi ambayo katekista angeitamani.

Tumesimuliwa pia habari ya padre mmoja aliyehubiri juu ya amani ya nyumbani. Aliwauliza waamini, kwa namna ya wahubiri wasiongoja jibu, ni nani waliogombana nyumbani juma lile. Mtoto wa kike katika benchi la tatu akanyosha mkono, akasema: "Baba na Mama, kwa sababu ya chumvi." Kanisa zima likacheka, na hicho tunakiita kicheko chema, maana hapakuwa na nyumba moja pale isiyokuwa na chumvi yake.

Lakini sasa twafika penye uzito. Kiko kisa ambacho kila mtaa unacho, kwa hiyo si cha mtu yeyote. Mdai yuko mlangoni. Baba yuko chumbani. Mtoto wa miaka mitano atumwa: "Mwambie sipo." Mtoto atoka, asimama wima kama alivyofundishwa, asema: "Shikamoo. Baba amesema nikuambie hayupo." Mdai acheka. Mama, jikoni, acheka akijiziba mdomo. Baba hacheki, mdai akisha kwenda, mtoto apigwa.

Tumwulize kila mmoja alifanya nini. Mtoto alipewa amri mbili: asiseme uongo, na awatii wazazi. Kwa akili yake ya miaka mitano akazitimiza zote mbili kwa sentensi moja, kazi ambayo wanasheria wengi wangeshindwa. Kanisa, katika kanuni ya 97 ya Sheria ya mwaka 1983, ladhani kwamba mtu akitimiza miaka saba ana matumizi ya akili. Huyu hajafika, na tayari ametenda vema kuliko mwenye nyumba. Kisha akapigwa. Kwa kosa gani? Haiwezi kuwa kwa uongo, wala haiwezi kuwa kwa uasi. Amepigwa kwa kuwa alisema kweli mahali ambapo uongo ulihitajika, na hilo ndilo somo atakalolishika. Tutamfundisha amri ya nane kwa miaka mingi baadaye, naye atajua ya kuwa amri hiyo ina mlango wa nyuma.

Twajua litakalosemwa: baba yule hana fedha. Deni ni aibu, ada za shule hazingojei mavuno, na maskini naye ana haki ya kuikinga heshima yake. Hatulidharau neno hilo. Mtakatifu Tomaso mwenyewe alipambanua uongo wa kudhuru, uongo wa mzaha na uongo wa kujisaidia, akasema huu wa mwisho si mzito kama ule wa kwanza. Hata hivyo hakuufuta katika hesabu ya makosa. Kabla yake, Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, alikwisha kuandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza karibu na mwaka 395 na cha pili karibu na mwaka 420, na katika kile cha kwanza akataja habari ya Firmus, askofu wa Tagaste, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria. Firmus alimficha mtu aliyetafutwa na watumishi wa Kaisari. Walipomwuliza alijibu kwamba hawezi kusema uongo wala hawezi kumtoa mtu yule. Akateswa, asibadili neno, mwisho Kaisari akamstaajabia na kumsamehe yule aliyefichwa. Baba wa kisa chetu angalikuwa na nafuu kama mlangoni pake pangesimama Firmus. Yeye alikuwa na mtoto wa miaka mitano.

Turudi kwa Sara. Alipoulizwa kwa nini amecheka, alikana, akasema hakucheka. Na Maandiko yataja sababu yake, kwamba aliogopa. Hofu ndiyo iliyomsemesha uongo. Bwana alimjibu kwa neno fupi kwamba amecheka, basi. Hakumwondolea ahadi. Mwaka uliofuata mtoto alizaliwa, naye Sara akasema kwamba Mungu amempa sababu ya kucheka, tena kila asikiaye atacheka pamoja naye. Kusahihishwa kwa namna hiyo ndiko twatamani kukuona nyumbani: kosa latajwa, wala halifichwi, na aliyekosa haogopeshwi hata akimbilie uongo mwingine.

Baba yule basi angalifanya nini? Twaona ilimpasa kutoka chumbani. Kumfuata mtoto mlangoni, na uso wenye haya, na kusema: "Mtoto amesema kweli. Nipo, na fedha sina mpaka tuvune." Pengine mdai angekasirika. Pengine pia angetoa muda, maana mtu aliyekwisha kucheka ni mgumu kukasirika sana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika fungu la 2223, inafundisha kwamba wazazi wajuao kukiri makosa yao mbele ya watoto wataweza zaidi kuwaongoza na kuwarekebisha. Baba wengi waogopa kwamba wakikiri watadharauliwa. Sisi twaona mtoto humdharau zaidi baba aliyemwona akijificha.

Liko neno jingine ambalo Bibi wa zamani hakulijua, nalo latusumbua. Siku hizi mtoto akisema "wakorofi" katika sala, kuna mkono unaotafuta simu. Mtoto aombwa arudie. Arudia, mara hii akitazama simu badala ya msalaba, na kabla ya saa moja picha yake yenye sauti imezunguka katika vikundi vya WhatsApp vya ukoo, vya kwaya, vya kazini, kwa watu wasiomjua hata jina. Wanaotuma hawana nia mbaya. Wengi wanajivunia mtoto wao. Lakini sala yake imegeuzwa mchezo wa kuonyeshwa, naye hakuulizwa. Akiwa na miaka kumi na miwili, mwenzake darasani aweza kuifungua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kiti Kitakatifu nacho kiliuridhia mwaka 1990, wataka katika kifungu cha 16 faragha na heshima ya mtoto vilindwe. Hatudhani walioandika kifungu hicho waliwafikiria shangazi zetu, ila maneno yake yanawafikia. Kicheko cha nyumbani kina ukuta, na aliyecheka ndani ya ukuta huo alimjua mtoto, akamfunika blanketi usiku ule ule. Yule wa mbali hana blanketi lolote la kumfunika.

Mambo mengine ni mepesi. Mtoto agunduaye kwamba kicheko kina faida atarudia neno lile kesho na keshokutwa, na siku ya tatu halichekeshi tena. Hapo wazazi wasicheke, wala wasigombe, waendelee tu na sala. Neno lisahihishwe asubuhi, wakati wa uji, si mbele ya wageni. Aambiwe mkosefu ni nani na mkorofi ni nani, na akiuliza kama yeye si wote wawili asidanganywe.

Na wale wanaogeuza shingo kanisani kila mtoto anapolia au kuropoka, wakumbuke ya Januari 2014, Papa Fransisko alipobatiza watoto wachanga 32 katika Kikanisa cha Sistina. Aliwaambia akina mama kwamba mtoto mwenye njaa wamnyonyeshe palepale. Kikanisa kile kina picha za Michelangelo, na hazikuharibika.

Yule padre wa chumvi, twaambiwa, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea na mahubiri yake pale alipoachia. Baba na mama wa mtoto walirudi nyumbani kwa njia moja, jambo ambalo asubuhi ile halikuwa la hakika, na mtoto katikati yao akiuliza kwa nini kila mtu amemshika mkono.