Madaraka Mikoani, Fedha Hazina

Anayetaka kujua jinsi watu wanavyoweza kupokonywa madaraka huku wakipiga makofi, aanzie mwaka 1972. Serikali ya Tanzania ilitangaza Madaraka Mikoani, mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani. Jina lilikuwa tamu. Kilichofuata ni kufutwa kwa halmashauri za kuchaguliwa, na nafasi zake kushikwa na wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka juu.

Kwa mkazi wa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zahanati ikiishiwa dawa, diwani aliyemfahamu hakuwa tena na fungu la kugusa. Ombi lilipanda milima ya Umatengo hadi Songea, likaingizwa kwenye bajeti ya mkoa, kisha likasubiri Hazina. Huenda ofisa aliyelipokea alikuwa mchapakazi kweli. Lakini kibarua chake hakikutegemea kura ya Lituhi, na kasoro ilikuwa hapo.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, mkulima wa kahawa wa Mbinga akakosa na kile kikao cha pili cha kubishania mambo yake. Mijini huduma zilidorora upesi, halmashauri zikarudishwa 1978. Vijijini walingoja hadi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala ushirika. Wakubwa wanaokiri hivyo ni wachache.

Marekani hali ni tofauti: Washington haiwezi kuifuta Texas. Marekebisho ya 10 ya katiba yao, ya 1791, yaliyaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali kuu haikupewa. (Ngao hiyohiyo majimbo ya kusini yaliitumia kutetea ubaguzi, kwa hiyo tusiisifu kupita kiasi.) Kwetu, ibara za 145 na 146 za katiba zinazitambua serikali za mitaa, ila kutambuliwa si sawa na kushika fedha. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Watu walishangilia, na nani angewatetea mgambo waliovizia wasiolipa? Lakini halmashauri zikabaki zikitazamia ruzuku. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mapato (TRA) ikaanza kukabidhiwa kodi ya majengo, na tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye malipo ya umeme wa LUKU: anayenunua umeme Lituhi hulipa moja kwa moja serikali kuu, kabla diwani wake hajafungua mdomo.